Napoli mtaa kwa mtaa: nyota nne kati ya tano, na naeleza ile moja imeenda wapi

Kiukweli wengi wanaoiponda Napoli, huu mji wa kusini mwa Italia, wameiona Piazza Garibaldi tu, uwanja wa mbele ya stesheni kuu. Treni inakushusha pale, unatoka nje na begi lako, honi zinapigwa kila upande, wachuuzi wametandaza viatu na mikanda chini, jamaa anakufuata teksi teksi, basi mtu anakata tiketi ya magofu ya Pompeii au boti ya kisiwa cha Capri na akirudi anasema ule mji mchafu hauna kitu. Sibishi, uchafu upo na kelele ndo usiseme, ila huu ni mji wa vilima, kila ukipanda au ukishuka kidogo unakuta watu wengine, bei nyingine, mpaka hewa inabadilika, sasa utaupaje maksi kwa kuangalia stesheni?

Kwanza usafiri maana ndo watu wanaulizia sana. Kutoka uwanja wa ndege kuna basi linaitwa Alibus, linaenda stesheni kuu na bandarini, wala usihangaike na kingine. Ukitaka teksi, kuna bei maalum zilizopangwa na mji kwa safari zinazojulikana, lakini lazima uitaje kabla gari halijaondoka, sema *tariffa predeterminata*, gari likishaanza kutembea ni mita. Mimi dereva mmoja nilimwambia kabisa akajifanya hasikii, nikashuka, nikachukua wa nyuma yake, akakubali bila neno. Gari la kukodi sahau, katikati ya mji kuna maeneo magari ya wageni hayaruhusiwi na kamera zinakupiga faini kimyakimya.

Haya, mji wa kale, *centro storico*. Hapa ndo kila mtu anaanzia, na sawa, panastahili, UNESCO waliuweka kwenye orodha yao 1995. Spaccanapoli ni njia moja nyembamba iliyonyooka inayokata mji katikati, na ramani yenyewe ya hii mitaa ni ile ile ya tangu Wagiriki na Warumi, hawajaihamisha, wamejengea juu tu. Chini yako kuna mahandaki yaliyochimbwa kwenye jiwe laini la volkano, baadaye yakawa njia za maji, na vita ya pili ya dunia watu walijificha humo mabomu yakidondoka. Unaweza kushuka na mwongozaji, kuna sehemu unapita ubavu ubavu, mwenye mwili wake ajipime kwanza. Halafu kuna Cappella Sansevero, kale kakanisa kenye sanamu ya Yesu aliyefunikwa shuka, Giuseppe Sanmartino aliichonga 1753 na mpaka leo ukiisogelea akili inakataa kwamba lile shuka ni marumaru. Picha hairuhusiwi, na nashukuru hairuhusiwi, maana watu wanaangalia kwa macho. Kata tiketi mapema mtandaoni la sivyo utaishia mlangoni. Na angalia siku, hapo pamoja na makumbusho ya akiolojia, kule kwenye vigae na vitu vya Pompeii, kote wanafunga Jumanne.

Ila niseme ukweli wangu, mji wa kale wikendi ni mateso. Via San Gregorio Armeno, ule mtaa wa mafundi wanaotengeneza vinyago vya hori la Krismasi, ukienda Desemba hutembei, unasukumwa. Nenda katikati ya wiki asubuhi, mafundi wako vibandani wanapaka rangi vichwa vidogo vya wachungaji, na wachezaji mpira pia wapo, na wanasiasa, wote wanaingia kwenye hori.

Toka hapo shuka metro, Line 1, stesheni ya Toledo. Hata kama huna safari ingia tu. Ilifunguliwa 2012, mbunifu ni Mhispania Óscar Tusquets, unashuka chini karibu mita 50 na kuta zinabadilika mpaka zinakuwa bluu ya bahari, juu kuna tundu kubwa linaleta mwanga kutoka barabarani. Kwa hela ya tiketi ya metro hakuna makumbusho ya bei hiyo. Treni yenyewe sasa, hapo ndo utajua hujui, wikendi unaweza kusubiri mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi.

Juu ya Via Toledo ndo Quartieri Spagnoli, vichochoro vilivyopangwa karne ya 16 kwa ajili ya wanajeshi wa Kihispania. Nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, bibi anateremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani muuza duka anaweka mkate kinapanda, pikipiki zinapita pasipo na nafasi ya kupita. Panapendeza, lakini pamebadilika. Pale kwenye mchoro wa Maradona, uliochorwa 1990 timu ya Napoli ilipochukua ubingwa wa pili wa Italia, sasa hivi ni jezi, skafu, bia na vinywaji vya rangi ya machungwa kwenye glasi za plastiki, foleni ya watu wa picha. Nikakaa kibanda kimoja karibu na hapo, bili ikaja na vitu sikuagiza, kuuliza wakafuta haraka haraka bila hata kubisha, ukiona hivyo ujue ndo mchezo wao. Soma bili. Jua pia kuna kitu kinaitwa *coperto*, hela ya kukalia meza kwa kila kichwa, hiyo ni halali na inaandikwa kwenye menyu, usigombane nayo. Na tafadhali, vyumba vya chini vilivyofunguka barabarani ni nyumba za watu, wanakula, wanalala humo, msipige picha ndani jamani.

Sasa Rione Sanità. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwangu ndo mtaa bora wa mji mzima na nusu ya wageni hawafiki, wanaambiwa hatari. Historia yake inauma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Wafaransa walipokuwa watawala, walitaka barabara ya moja kwa moja kwenda kasri la Capodimonte, basi wakajenga daraja juu ya huu mtaa, magari ya farasi na wakubwa wakawa wanapita hewani na Sanità ikabaki bondeni chini haipitiwi na mtu. Daraja bado lipo na lina lifti ya kukushusha mpaka chini. Mwaka 1943 Wajerumani wakati wanatimuliwa walitaka kulilipua, na msichana wa mtaani, Maddalena Cerasuolo, alikuwa kwenye lile kundi lililowazuia, leo daraja lina jina lake.

Makaburi ya chini ya ardhi ya San Gennaro ndo kitu cha kufanya hapa. Yanaendeshwa na ushirika wa vijana wa humu humu mtaani, La Paranza, walianza 2006, na utofauti unausikia, mwongozaji wetu alikuwa anaongea kuhusu maaskofu wa kale halafu katikati anakuonyesha nyumba ya shangazi yake iko upande gani. Siri ni moja, lango la kuingilia liko juu, upande wa Capodimonte, na ziara inaishia chini mtaani, kwa hiyo anzia juu kisha umalizie Sanità ukiwa na njaa. Tiketi ile ile inakuingiza pia makaburi ya San Gaudioso, chini ya kanisa kubwa la Santa Maria della Sanità, ambako mafuvu ya watu yamepachikwa ukutani na miili yao imechorwa kwa rangi chini ya kichwa, mwenye moyo mwepesi abaki nje anywe kahawa. Usiondoke bila kuchungulia Palazzo dello Spagnolo, ingia uani utazame zile ngazi zimefunguka pande mbili kama mabawa ya mwewe, watu wanaishi humo na wanapandisha mboga zao kwenye hizo ngazi wala hawashangai. Totò, yule mchekeshaji wao, alizaliwa Sanità 1898, sura yake utaiona kila kona.

Usiku je? Nilitembea kwenye njia kuu zenye watu na sikusumbuliwa, simu mfukoni, begi mbele, tahadhari za mji wowote mkubwa.

Vomero ni mji mwingine. Unapanda funikulare, kitreni kinachovutwa kwa kamba kupanda kilima, ile ya Centrale inaanzia karibu na Via Toledo tangu 1928, dakika chache tu uko juu na ghafla kuna miti, barabara pana, akina mama na mikoba, Via Scarlatti haina magari. Kama mtaa wa kutembelea unaboa kidogo, nasema wazi, ila ngome ya Castel Sant'Elmo na uwanja wa mbele ya monasteri ya zamani ya San Martino, ambao ni bure, vinakupa mji wote, bandari na mlima wa volkano Vesuvio kwa mkupuo. Kushuka achana na funikulare, shuka ngazi za Pedamentina, ziko 414, unapita kati ya bustani za watu. Kuzipanda sikushauri.

Chiaia ni maduka ya bei na lungomare, njia ya kutembea kando ya bahari, nzuri ya jioni, basi. Posillipo nenda kama una siku ya ziada na unapenda kutazama bahari. Fuorigrotta ni kwa wapenda mpira, uwanja uliopewa jina la Maradona 2020 uko huko, kingine cha kukupeleka sikukiona.

Kula: pizza ya hapa ni laini katikati, karibu inalowa, anayetaka iliyokauka, ya kukatika kacha, atalalamika na atakuwa hajaelewa kitu. Sehemu nyingi za Via dei Tribunali unaandikisha jina unasubiri nje, lakini ile ya kukunja mara nne, *a portafoglio*, unaipata dirishani kwa hela ndogo na unatembea nayo. Ya kukaanga jaribu Sanità. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa bei inapanda, na wakikupa maji unakunywa kabla ya kahawa.

Kulala mimi nachagua maeneo ya stesheni ya Museo au Materdei, Sanità kwa miguu, mji wa kale kwa miguu, metro mlangoni. Andaa pia kodi ya mgeni ya kila usiku, mara nyingi unailipa palepale unapofikia, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Ile nyota moja imekwenda kwenye njia. Mawe meusi ya barabarani yamelegea, lifti na ngazi za umeme nimezikuta zimezimwa zaidi ya mara moja bila tangazo, njia za miguu zimejaa pikipiki. Nilimwona baba na mama wamebeba kigari cha mtoto mikononi, mmoja mbele mmoja nyuma, ngazi zote za stesheni. Mwenye mtoto mdogo abebe mbeleko, na mwenye kiti cha magurudumu apige simu hotelini kabla ya kulipa, aulize lifti ipo na leo inafanya kazi.