Stendi ya kudarizia baada ya miezi minane: kazi mbili imenifaa, ya tatu imegoma

Nianze kwa kukiri kwamba stendi hii niliinunua kwa aibu. Nilikuwa na kazi tatu zimelala kapuni, zote nimezianza kwa moto na zote zimekwama. Ya kwanza ni foronya ya mto wa kochi: korongo amesimama kwenye maji, kwa uzi wa sufu juu ya kanvasi ya matundu 13 kwa inchi. Ya pili ni mnara wa taa ya baharini, mshono wa msalaba kwenye kitambaa cha aida, kile kilichofumwa kwa miraba ya kuhesabia. Ya tatu ni maua ya kuchora mwenyewe juu ya kitani. Nilijiaminisha kuwa tatizo ni mikono. Mmoja unashika kazi, mwingine unashona, baada ya nusu saa shingo inauma, naweka chini, na kuweka chini ndiyo kusahau. Muuzaji aliandika kwamba stendi "inafaa kwa aina zote za kudarizi". Hilo neno "zote" ndilo limenifanya niandike.

Ni ya mbao, ya kukaa sakafuni: nguzo mbili, mguu mpana unaoingia chini ya kiti, na juu yake fremu inayoinama mbele na nyuma. Fremu ina miti miwili ya mviringo, wa juu na wa chini, kila mmoja sentimita 60. Kila mti umepigiliwa utepe wa pamba. Unashonea kitambaa chako kwenye tepe hizo, unazungusha miti mpaka kazi ikaze, halafu unafunga nati za masikio zilizo pembeni. Sehemu usiyoifanyia kazi inabaki imeviringwa. Pande za kushoto na kulia hazishikwi na kitu, kwa hiyo ukitaka zikaze kweli lazima uzivute kwa uzi mnene hadi kwenye mbavu za fremu, zigizaga, kama kamba za kiatu. Karatasi ya maelekezo haikulisema hilo. Ilikuwa na michoro minne, mmoja umechapishwa kichwa chini.

Balaa la kwanza lilikuwa utepe wa mti wa chini. Ulikuwa umepigiliwa upande, milimita nne hivi kutoka ncha hadi ncha. Unaweza kusema si kitu, lakini kwa kazi inayohesabiwa tundu kwa tundu milimita nne ni nyingi mno. Siku tatu nilijilaumu mwenyewe. Napiga bandi, nakaza, nakuta nyuzi za kanvasi zimelala upande kama mvua ya upepo. Nafumua, napiga upya, hali ni ile ile. Mwishowe nikaweka rula juu ya mti wenyewe, nikaona. Nikang'oa pini zote za stepla kwa koleo, nikachora mstari mnyoofu kwa penseli, nikapigilia upya. Muuzaji nilipomwandikia alijibu kwa adabu, akaniahidi utepe mwingine. Ulifika kweli, mwembamba kuliko wa kwanza. Naufungia nyuzi zangu.

Sasa korongo, maana yeye ndiye aliyeitetea stendi. Mishono ya kanvasi karibu yote hulala mshazari: inakatiza makutano ya nyuzi kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ukiivuta mstari baada ya mstari, kanvasi nayo inavutika upande huo huo, na mraba unageuka kitu kingine. Kabla ya stendi nilikuwa nashonea mkononi, kwa mistari ya kwenda na kurudi ambayo huacha mishazari mirefu nyuma ya kazi. Ukiitandaza foronya mezani, upande wa juu ulikuwa umesogea kulia upana wa vidole viwili. Korongo alionekana kama anaegemea ukuta.

Kwenye fremu nilibadilisha mambo mawili kwa pamoja, kwa hiyo sifa zote nisiipe stendi. Maji ya nyuma nilianza kuyajaza kwa mshono wa kikapu, ambao safu zake zinapanda na kushuka kimshazari, na nyuma yake panatokea mfumo kama wa mkeka. Mshono huo hauvuti kanvasi kwa kiwango cha ule wa mistari. Lakini fremu nayo ilifanya kazi yake. Kanvasi ikikazwa vizuri, ukiigonga kwa kucha inalia kama kingoma. Mkono wa juu unachoma sindano kwenda chini, mkono wa chini unaipokea na kuirudisha. Sufu ikipita tunduni inakwaruza kidogo, na ukikata uzi mrefu kuliko sentimita 45 utauona unachakaa na kunyonyoka kabla hujaumaliza. Wiki ya kwanza mkono wangu wa kushoto, ule wa chini, ulikuwa kipofu kabisa. Unapapasa, unatoboa tundu la jirani, unarudi. Bahati sindano ya kanvasi ni butu. Kufikia siku ya kumi hivi mkono ule ulikuwa umeshajua njia, na hapo kasi ikaja yenyewe. Jioni moja nilimaliza bawa zima bila kukumbuka shingo.

Mnara wa taa nao ulifaidika, ila kwa masharti. Ramani yake, yaani mchoro wa kuhesabia mishono, ni miraba 140 kwa 196, na aida yangu ni ya miraba 14 kwa inchi, kwa hiyo picha ni inchi 10 kwa 14. Ukijaza kila mraba ni misalaba 27,440. Kazi ya namna hii huwezi kuishika mkononi miezi yote hiyo bila kuifinya na kuichafua, na hapo stendi inasaidia sana. Shida ni kule kuviringwa. Nilipofika chini ya mnara, sehemu ya juu ilikuwa imeshajificha kwenye mti, nami nikahesabu kutoka kwenye mstari ambao niliuamini tu. Jioni mbili nimeshona miamba, ya tatu nagundua yote iko miraba mitatu kushoto. Kufumua nyuzi mbili nyeusi, ile rangi namba 310 ya kampuni ya nyuzi ya DMC, kwenye kitambaa cheupe si kazi ya kumwombea rafiki. Zinaacha vumbi la manyoya tunduni, mpaka ulitoe kwa utepe wa gundi. Tangu hapo napiga bandi ya uzi wa rangi tofauti kila baada ya miraba 10, kitambaa kizima, kabla ya kukifunga kwenye miti. Ningepaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, najua.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni upande wa nyuma. Ukishonea mkononi, uzi ukiisha unageuza kazi, unaupitisha chini ya mishono minne au mitano, unakata. Fremu hii haigeuki kikamilifu, inagota kwenye nguzo. Kila kumaliza uzi ni kulegeza nati mbili, kuinua, kuchungulia na kurudisha. Kwa kuanzia nimepata njia. Nikitumia nyuzi mbili, nachukua uzi mmoja mrefu, naukunja katikati, natia ncha zote mbili kwenye tundu la sindano, nachoma kutoka nyuma, na ninaporudi chini naipitisha sindano kwenye kile kitanzi kilichobaki. Mkono wa kushoto unaweza kufanya hivyo bila macho, na hakuna fundo. Kumalizia bado ni kuinama chini ya fremu kama fundi gari.

Halafu maua. Hapa ndipo lile "zote" lilipokufa. Mshono wa mnyororo na ule wa shina, angalau ninavyovishona mimi, ni vya kutia na kutoa kwa mkupuo mmoja: sindano inazama, inachungulia mbele kidogo, uzi unapita chini ya ncha, unavuta. Ili hilo liwezekane kitambaa lazima kikubali kupinda. Kwenye fremu iliyokazwa hakipindi. Kila pete ya mnyororo ikawa hatua nne badala ya moja: shuka, pokea, panda, shikilia kitanzi kwa kidole kisitoroke. Shina moja la urefu wa kidole lilinichukua muda ambao mkononi ningemaliza matatu, na pete hazikulingana. Isitoshe kitani changu ni kidogo, na kwenye miti ya sentimita 60 kinaonekana kama leso kwenye kamba ndefu ya kuanikia.

Nimerudi kwenye duara langu la mbao la sentimita 15, ambalo pete yake ya ndani nimeizungushia utepe wa pamba ili kitani kisiteleze. Nikifanya mashina nalilegeza. Nikifika kwenye petali nalikaza, kwa sababu mshono wa kujazia ukishonwa kwenye kitambaa legevu petali inajikunja. Usiku nalitoa, lisiache alama. Kazi ya maua imesogea haraka kuliko zote tangu nilipoiondoa kwenye stendi, sijui nicheke au nilie.

Nati zinateleza. Kila baada ya muda fremu huanza kuinama taratibu kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaviweka kati ya nati na mbao, zimetulia. Taa ya kubana inakaa vizuri kwenye ubavu wa fremu. Uzito wa stendi si wa kubebabeba.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama unashona kanvasi, au msalaba mkubwa wa miezi, inunue, ila siku ya kwanza kabisa weka rula kwenye tepe zake. Kama mapenzi yako ni maua, mashina na maandishi ya mnyororo, duara zuri na kiti chenye mgongo vinakutosha.

Korongo nilimtoa kwenye miti wiki hii. Nimempulizia maji, nikamvuta juu ya ubao wenye karatasi ya miraba, nikampigilia pini zisizoshika kutu kila sentimita mbili. Maji ya nyuma, yaliyoshonwa kwenye stendi, yalikaa mraba karibu yenyewe. Kichwa na shingo, nilivyoshonea mkononi, bado vilitaka kwenda kulia, nikavivuta mpaka vidole vikauma. Asubuhi nimemgusa: mkiani bado ana unyevu. Namwacha hapo hapo mpaka kesho.