Miaka miwili ya uzamili wa mipango miji na mikoa: studio safi, mikoa haba

Nimemaliza shahada ya uzamili ya mipango miji na mikoa, na kila anayetaka kuomba nafasi ananiuliza kama inafaa. Inafaa, na kilichoifanya ifae ni studio.

Studio si kukaa na kunakili. Mnapewa eneo halisi na muhula mzima wa kulichunguza na kulipangia. Kundi letu la watu sita lilikuwa na mhandisi, wanajiografia na mwanasheria mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuuliza hifadhi ya mtaro ni ardhi ya nani. Tulipewa mtaa wa bondeni unaofurika kila mvua kubwa. Wiki ya kwanza tulijifungia na kompyuta. Tulipakua data ya bure ya miinuko ya ardhi, iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, tukaifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, na kupaka buluu sehemu za chini. Ramani ilipendeza kweli.

Tulipokwenda mtaani, mama mmoja alituita mlangoni kwake akatuonyesha michirizi mitatu ya tope ukutani, akiutajia kila mmoja mwaka wake. Wa juu ulinifika kiunoni. Kwenye ramani yetu nyumba ile ilikuwa pakavu. Kila mraba wa data ile una takriban mita 30 kwa 30, unameza nyumba kadhaa pamoja na mtaro wao, na kimo chake kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Maji ya ndani ya nyumba hupimwa kwa sentimita. "Mwanangu, pima hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye tope. Nikatoa futi kamba: sentimita 94. Tulipima kuta za nyumba 61, tukaichora ramani upya.

Wenzangu wengi waliilalamikia nadharia. Mimi naitetea. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa sera wa Marekani, aliandika makala yenye ngazi ya ushirikishwaji wa wananchi, vipandio 8, cha chini kabisa ni watu kuzungushwa tu na cha juu ni wao kushika mamlaka. Niliisoma usiku uleule tuliotoka kwenye mkutano wetu wa kwanza na wakazi, ambako tuliwaonyesha michoro iliyokwisha kamilika. Tulikuwa kipandio cha 3, cha kupasha habari. Niliona aibu. Mkutano wa pili tulikwenda na karatasi tupu na kalamu, na wakazi ndio waliochora njia ambazo watoto hupita maji yakijaa.

Takwimu zilifundishwa vizuri, sina neno.

Kasoro kubwa iko kwenye neno "mikoa". Limo kwenye jina la shahada, lakini lilipewa somo moja tu: pembesita za mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller za mwaka 1933, zinazoonyesha namna miji midogo na mikubwa inavyogawana wateja, basi. Na mto unaozamisha mtaa wetu unaanzia kilomita nyingi juu, katika eneo la mamlaka nyingine, huko ambako miti inakatwa. Hatukufundishwa namna ya kuziketisha mamlaka mbili meza moja, wala nani alipe mlima ukipandwa miti kwa faida ya bonde. Hilo lilinikera mpaka siku ya mahafali.

Tasnifu nayo ilinichosha. Sura yangu ya pili ilikaa kwa msimamizi wiki 9, ikarudi na alama mbili za kalamu. Kabla ya kuchagua msimamizi, waulize anaowasimamia sasa wanasubiri muda gani.

Uliza pia kama bodi ya taaluma ya mahali unakotaka kufanya kazi inaitambua shahada hiyo. Na ukienda kukitembelea chuo, maktaba iache kwanza. Ingia studio, tazama ramani zilizobandikwa ukutani, chagua moja, umuulize aliyeichora amefika huko mara ngapi.