Konsoli na kompyuta za zamani: usiulize kama inawaka, uliza ndani kuna nini kinachovuja

Naandika hii nikiwa bado na hasira, niwaambie ukweli. Mwaka jana nilinunua kompyuta ya 486, zile PC za mwanzo wa miaka ya 90, boksi safi la bapa halina hata mkwaruzo, muuzaji kaandika "imejaribiwa, inafanya kazi", na kweli nilipoiwasha ikahesabu memori yake ikapiga ule mlio mmoja mfupi, nikacheza gemu wiki mbili nzima raha tupu. Wiki ya tatu kibodi ikaacha kujibu. Nikabadilisha kibodi, wapi. Nikatoa skrubu za nyuma, nikavuta kava, na pale pale karibu na soketi ya kibodi nikakiona kitu chenyewe: betri ya pipa, ukubwa wa kipande cha kidole, imefunikwa na unga wa bluu-kijani kama ule unaoota kwenye vichwa vya betri ya gari, na chini yake zile njia nyembamba za shaba zimegeuka nyeusi, nyingine zimekatika kabisa. Ukigusa na ncha ya bisibisi ile rangi ya juu ya bodi inabanduka kama ganda la kiazi kilichoiva.

Sasa ile haikuanza wiki ya tatu. Ile betri imekula bodi miaka na miaka, na siku muuzaji anapiga picha ya tangazo ilikuwa inaendelea kula. Yeye kujaribu kwake ni kubonyeza swichi na kuona taa, basi.

Ndo maana mwongozo huu hautakuambia habari za picha nzuri, wala idadi ya gemu, wala ipi ina nguvu kuliko ipi, hayo unayajua na kila mtu ana gemu aliyokua nayo. Mi napanga kwa kitu kimoja tu: ndani kuna nini kinachovuja, na kikivuja kinaharibu nini.

Vinavyovuja ni viwili, betri na kapasita, vile vidude vya kwenye bodi vinavyotunza umeme kwa muda mfupi. Betri za kuchaji za kulehemewa kwenye bodi, zile za kutunza saa na tarehe, zikichoka zinatoa maji makali yanayotambaa chini ya rangi ya bodi na kufuata njia za shaba, kwa hiyo unachokiona juu ni kidogo kuliko kilichoharibika. Kapasita ni habari nyingine na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Wanadhani kadiri kifaa kilivyo cha zamani ndivyo kilivyooza, kumbe hapana. Vifaa vya miaka ya mwanzo ya 80 vina kapasita zenye miguu mirefu inayopita kwenye matundu ya bodi na nyingi bado nzima mpaka leo. Mwishoni mwa miaka ya 80 viwanda vikahamia kwenye vikopo vifupi vya alumini vinavyokaa juu ya bodi, na vile vya miaka ile vinavuja vibaya sana, maji yanatoka chini kwa chini yanakula lehemu na shaba, na huoni kitu mpaka sauti ipotee au kioo kififie. Kwa hiyo kitu cha 1983 kinaweza kuwa kizima kabisa na cha 1991 kikawa maiti. Ukitaka kujua kapasita imevuja gusa mguu wake na pasi ya kulehemu, utasikia harufu ya samaki, huwezi kuikosea hata siku moja.

Haya tupange. Niseme wazi mapema, mi ni mtu wa Nintendo, na sio mapenzi tu, hivi vitu nimevifungua vingi na najua vilivyo ndani.

Namba moja, Game Boy ya 1989, ile kubwa ya kijivu ya kushika mkononi. Ndani ya mashine hakuna betri ya siri. Inakula betri nne za kawaida, na kama ziliachwa humo zikavuja unafungua kile kimlango cha nyuma unaona mwenyewe, unasugua vibati na siki kwenye pamba ya masikio, unafuta na spiriti, yameisha, na kama kibati kimeliwa kabisa kinapatikana kipya. Ugonjwa wake mwingine ni mistari ya wima kupotea kwenye kioo na hili wauzaji wanalitumia kushusha bei wakidhani kioo kimekufa, nunua hiyo hiyo! Ule utepe wa chini ya kioo umeachia tu. Unafungua, unapitisha pasi ya kulehemu taratibu juu ya ukingo wa utepe, pasi isiwe ya moto sana, na mashine iwe imewashwa, unaona mistari inarudi mmoja mmoja mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipiga kelele peke yangu chumbani. Angalizo ni katriji, yaani kaseti ya gemu, gemu nyingi zinazohifadhi ulipofika zina betri ya kidonge ndani, ikiisha save zako zinaondoka nazo, na hiyo ni kazi ya kulehemu ya dakika kumi.

Namba mbili, Famicom ya 1983, konsoli ya Nintendo ya Japani, na ndugu yake NES iliyouzwa nje ya Japani. Kapasita za miguu, bodi kubwa yenye nafasi, hata anayejifunza kulehemu hataharibu. NES inasingiziwa sana kwamba ni mbovu sababu ya ile taa kuwaka na kuzima, lakini ile ni chipu ya ulinzi inaianzisha upya mashine sababu haisomani vizuri na chipu iliyo ndani ya katriji, na sababu ya kutosomana ni uchafu au ile konekta ya pini 72 imelegea. Safisha pini za katriji na spiriti kwanza kabla hujanunua konekta mpya, maana konekta mpya nyingi zinabana katriji kama koleo na pini za zamani ukizisafisha vizuri mara nyingi ni bora. Na jamani adapta! NES inapokea AC ya volti 9, Famicom inapokea DC ya volti 10, plagi zinafanana, ukichomeka adapta ya NES kwenye Famicom umeiua. Nimepokea Famicom mbili za watu zilizokufa hivyo na wote wawili adapta waliuziwa pamoja na mashine na mtu yule yule aliyesema amejaribu.

Super Nintendo naipenda kufa lakini siiweki juu sababu nyingi zina vile vikopo vya juu ya bodi, havivuji kwa kasi kama vya wengine ila vipo, omba picha. Nintendo 64 ni jiwe, tatizo lake liko kwenye kontrola, ile stiki inajisaga mpaka inatoa unga mweupe.

Baada ya hapo Mega Drive ya kwanza ya Sega, ile kubwa, haki yake nampa, imetengenezwa vizuri na nyingi zinahitaji kusafishwa tu.

Commodore 64 ya 1982 nayo ni nzuri kwa anayetaka kompyuta, bodi yake haina betri wala vikopo vya kuvuja, ila muuaji wake yuko nje, kwenye adapta. Ile ya asili inatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, na nyingi zimejazwa gundi ngumu ndani hazifunguki, sasa kile kirekebishaji cha volti 5 kikifa umeme unapanda na unaunguza chipu za memori. Leo inafanya kazi, kesho umechoma. Kwa hiyo ukinunua C64 usiichomeke kwenye adapta ya zamani hata kwa dakika moja ya kujaribu, nunua adapta mpya na iingize kwenye hesabu ya bei.

PlayStation, Saturn na Dreamcast sitakaa sana, hizo ni habari za lenzi ya kusomea diski kuchoka na sio kuvuja. Saturn betri yake inabadilika kwa kufungua kifuniko cha nyuma, wangetengeneza wote hivyo. Xbox ya kwanza ya 2001 kuna kapasita moja ya saa, inavuja kwenye matoleo yote kuanzia 1.0 mpaka 1.5, toleo la 1.6 ndo limepona. Ukipata moja ya hayo yanayovuja, siku hiyo hiyo fungua itoe, mashine inaendelea bila hiyo kapasita, itasahau tarehe tu ukichomoa umeme.

Za mwisho, ambazo sinunui bila picha ya bodi pande zote mbili: Game Gear ya mkononi ya Sega, konsoli ya PC Engine Duo, na kompyuta za Commodore, Amiga 600 na Amiga 1200. Hizi zote vikopo vyake vinavuja, sio labda, vinavuja. Game Gear isiyobadilishwa kapasita utaijua, sauti hakuna au ni ya kunong'ona, kioo kama kimefunikwa na moshi. Na kwenye Amiga kuna mtego, Amiga 500 ya kawaida ni salama kabisa, lakini Amiga 500 Plus ya 1991 ina betri ya pipa juu ya bodi, adui yangu yule yule, kwa nje zinafanana na wauzaji wanaziita zote "Amiga 500". Hata hiyo ya kawaida fungua kile kimlango cha chini, kama kuna kadi ya kuongeza memori, hizo kadi nyingi nazo zina betri hiyo hiyo.

Zile konsoli za bei chee zinazouzwa mpya zikiwa na gemu maelfu ndani, sina mengi, ni chipu moja chini ya tone la gundi nyeusi, ikifa haina fundi. Pita.

Sasa wauzaji. Mimi ninachoomba ni picha moja tu ya bodi, skrubu chache, na majibu ninayopata ni "sitaki kuharibu", "ni ya asili haijawahi kufunguliwa", kana kwamba kutofunguliwa miaka 30 ni sifa! Kisha utakuta plastiki ya nje iliyokuwa ya njano ameipaka peroksaidi akaianika juani siku nzima mpaka imekuwa nyeupe pee, muda wa kung'arisha kava anao, muda wa kutoa skrubu hana. Na akiandika neno "adimu" bei inaruka mara mbili, kwa mashine zilizotengenezwa kwa mamilioni. Wabaya zaidi ni wanaoandika "kapasita mpya" alafu ukifungua kapasita kweli ni mpya ila zile za zamani amezing'oa kwa koleo, vibati vya bodi vimetoka navyo, huyo ameharibu kuliko kuvuja kwenyewe. Akikutumia picha angalia miguu ya kapasita, lehemu nzima inang'aa, iliyovujiwa imefifia kijivu, na ukiona doa la kahawia kuzunguka kikopo au shaba imekuwa nyeusi, shusha bei au ondoka. Akikataa picha ondoka tu, hiyo ni mbuzi kwenye gunia.

486 yangu nimeiokoa, nimepitisha nyaya tano nyembamba kama unywele kutoka soketi ya kibodi mpaka kwenye chipu yake, imechukua jioni nne. Kama unayo kompyuta ya umri huo kabatini, ifungue leo usiku kabla hujalala, ikate hiyo betri na koleo, sugua pale ilipokaa na siki kidogo kwa mswaki wa zamani, suuza na spiriti, iache ikauke mpaka kesho ndo uwashe. Tarehe utaandika mwenyewe kila ukiwasha.