Salisbury kwa siku moja: kanisa kuu au Stonehenge?

Ukishuka kwenye treni Salisbury, kusini mwa Uingereza, swali ni lilelile: ubaki mjini kwenye kanisa kuu au uende Stonehenge, kwenye duara la mawe makubwa ya kale?

Kwa urahisi wa kufika, kanisa linashinda. Mnara wake wa mita 123, mrefu kuliko mwingine wowote wa kanisa nchini humo, unakuongoza kwa miguu tangu stesheni. Stonehenge iko kilomita kama 15 kaskazini, kwa hiyo ongeza nauli ya basi juu ya kiingilio, na ukate tiketi mapema.

Unachokiona kwa karibu? Hapa mimi naegemea kanisa. Ndani kuna mojawapo ya nakala nne zilizobaki za Magna Carta ya 1215, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza: mwandiko mdogo mno juu ya ngozi, mistari imebanana kama nyuzi za mkeka. Kuna pia saa ya chuma ya karne ya 14, isiyo na uso wala mishale. Kazi yake ilikuwa kugonga kengele tu. Stonehenge, kwa kawaida, unazunguka nje ya kamba.

Lakini kwa ukale hakuna ushindani. Mawe makubwa yalisimamishwa miaka 4,500 hivi iliyopita, na yale madogo yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200.

Mvua ikinyesha, au una mzee asiyependa kutembea, baki kanisani. Una watoto wanaotaka kukimbia na anga ni jeupe, nenda uwandani asubuhi.