Upime getini au upeleke chuoni?
Msagaji unga wa Nakuru anayehofia aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye mahindi, ana njia mbili za kuipima. Ya kwanza ni vijikaratasi vya kupimia: unasaga sampuli, unachanganya na dawa, unachovya, na baada ya dakika chache mistari inajitokeza, lori likiwa bado getini.

Ya pili ni maabara ya pamoja ya chuo kikuu, tuseme upande wa Njoro, ambako watafiti na viwanda hutumia mashine ghali kwa zamu. Huko unapewa namba kamili, na kwa kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo, namba ndiyo kila kitu. Foleni tu, hasa wanafunzi wa uzamili wakikimbizana na tasnifu!

Mimi ningepima getini kila siku, chuoni nipeleke mahindi ya kutiliwa shaka. Ila chota kwenye magunia mengi. Sumu hii hukaa mafungu mafungu.