Nyota 2 kati ya 5: nimefanya kazi ya bomba chini ya mkandarasi mmoja wa hapa Arusha

Habari wadau. Hii naandika kwa mafundi bomba wenzangu na wenye vikampuni vidogo kama changu mnaochukua kazi kwa makandarasi wakubwa. Mwenye nyumba akifanyiwa vibaya ana pa kusemea, sisi tunaofanya chini ya mkandarasi hakuna anayetuuliza ilikuwaje. Jina la kampuni siandiki kwa sababu bado namdai na mazungumzo yanaendelea, ila yaliyotokea nayasema yote, mazuri na mabaya, na langu nililokosea pia.

Kazi ilikuwa jengo la ghorofa 3 huko Moshono, apatimenti 9, kila moja ina jiko na bafu 2. Mimi na machalii wangu 5. Tulikubaliana ufundi tu, vifaa ananunua yeye, milioni 14 na laki 8. Advansi 20%, tukimaliza mabomba ya ukutani na ya sakafuni 40%, tukishafunga vyoo, masinki na koki 30%, na 10% inabaki kwake miezi 6 kama dhamana, ile tunayoita riteinsheni. Mkataba ulikuwa kurasa 2 zimesainiwa, mengine yote yalikuwa ya mdomo na ya WhatsApp, na hayo mengine ndiyo yaliyonitesa.

Nianze na mazuri maana yapo. Saiti yake ni saiti ya watu. Helmeti zipo, maji ya kunywa yapo, stoo ina mtu anayeandika kila elbo inayotoka, choo cha mafundi kinasafishwa. Kila Jumatatu asubuhi msimamizi anawakalisha mafundi wote anasema wiki hii umeme wapo chumba fulani, bomba chumba fulani, plasta wanaingia lini. Kwa wasiojua hili ni jambo kubwa, saiti nyingi nilizopita unaweka bomba leo, kesho fundi umeme anachonga ukuta uleule anakukatia kazi na hakuna anayejali. Hapo kwenye mpangilio nampa 5 zote.

Vifaa tulianza kuvutana. BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi, imeandika PPR (bomba la plastiki) ya maji moto iwe PN20 inayohimili presha kubwa, siku gari linashusha naona PN10 ambayo ni dhaifu zaidi imechanganywa mle, na fitingi ni za kiwanda kingine kabisa sio cha bomba. Sasa PPR unaiunganisha kwa moto, mashine inatakiwa nyuzi 260, bomba la milimita 20 unalipasha sekunde 5, la 25 sekunde 7, halafu unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukichanganya viwanda unaweza kukuta kimoja kinayeyuka haraka kuliko kingine, kwa nje joini imekaa vizuri kumbe ndani haijashikana. Nikapiga picha nikamtumia, "bosi hii PN10 siwezi kuiweka kwenye maji moto, juu kuna sola ya kupasha maji". Akajibu baada ya siku 2, "fundi weka tu hiyo tusicheleweshe kazi". Sikuweka. Tukakaa siku 4 bila kazi, machalii nawalipia chakula mfukoni kwangu, mpaka PN20 ikaja. Alinuna lakini alileta, na kwa hilo namshukuru, wengine wangeniondoa siku hiyohiyo.

Upimaji nauelezea taratibu kwa sababu huko ndiko ugomvi wote ulikotoka. Ukimaliza mabomba ya ukutani, kabla plasta haijapita unaziba ncha zote, unajaza maji unatoa hewa, unapampu presha na kuacha. Sisi tulipampu mpaka bar 10 tukaacha usiku mzima. PPR inatanuka kidogo mwanzoni kwa hiyo geji inashuka kidogo, unapampu tena, ikitulia imetulia. Asubuhi ghorofa ya kwanza ilikuwa imesoma 9.8, msimamizi akaja akaona, akasaini kwenye daftari langu na tarehe. Ghorofa ya tatu hivyohivyo. Ghorofa ya pili akaja akaangalia geji, akasema fundi iko poa, nitasaini baadaye, watu wa plasta wanasubiri hapa na saruji wameshachanganya. Nikakubali. Yule kijana ni mtu mzuri, sikuona sababu ya kumkazania. Ninachoshukuru ni kwamba chalii wangu mmoja alikuwa anarekodi video kwa simu, geji inaonekana, na sauti ya msimamizi inasikika akisema iko poa.

Sasa hela. Advansi ililipwa siku tuliyosaini, safi kabisa. Ile 40%, yani milioni 5 na laki 9 na 20, ilikuja vipande vitatu kwa muda wa siku 45, kila ukipiga simu unaambiwa mwenye nyumba hajalipa, nikilipwa nitakulipa. Kwenye zile kurasa 2 hakuna mahali pameandikwa mimi nisubiri mwenye nyumba alipe. Nakubali makandarasi nao wanabanwa, hati ya malipo inaweza kukaa mezani kwa mtu mwezi mzima, lakini mimi machalii wangu wananidai Jumamosi jioni, na ilikuwa Januari, watoto wanarudi shule. Nilikopa kwa shemeji yangu ili niwalipe.

Tukafunga vyoo, masinki, koki, tukakabidhi. Nikapeleka dai la 30%, milioni 4 na laki 4 na 40. Kimya wiki 3. Wiki ya nne napigiwa simu, fundi kazi yako ni mbovu, ukuta wa jiko apatimenti namba 5 umelowa, taili zimebanduka, sikulipi mpaka tukae. Tulivyokaa akanipa karatasi, amekata milioni 2 na laki 3 ya kubomoa na kurudishia taili na kupaka rangi upya, kwa hiyo ninachostahili ni milioni 2 na laki 1 na 40. Hakuniita kuona kabla, hakunipa nafasi ya kurekebisha, amepiga hesabu mwenyewe akakata mwenyewe. Na ni apatimenti ya ghorofa ya pili, ile isiyo na saini.

Hiki ndicho kinachoniuma mpaka leo na ndicho kilichofanya nikae niandike. Miezi yote ile kazi yangu ilikuwa nzuri, msimamizi ananisifia mbele ya mwenye nyumba, ubora wa kazi umekuja kuwa shida siku nilipopeleka dai. Nimeongea na mafundi wengine 3 waliofanya naye kwa nyakati tofauti, wa umeme, wa jipsam na wa aluminiamu, wote wananiambia malipo ya mwisho ndiyo yanazaa kasoro.

Nikamwambia bosi sikatai, twende tufungue ukuta wote tukiwepo, mimi, wewe, msimamizi na mkadiriaji wa mwenye nyumba, yule anayemkagulia kazi na gharama, ikiwa ni joini yangu nalipa mimi kila kitu. Alisita siku kadhaa, yule mkadiriaji akamshauri akubali. Tulichonga taratibu kufuata unyevu. Joini zote kavu. Juu kidogo ya usawa wa kaunta tukakuta skrubu ya makabati ya jiko imepita katikati ya bomba la maji moto. Fundi makabati alitoboa bila kuuliza bomba linapita wapi. Skrubu ikitoboa hivyo inajiziba yenyewe, inaweza kukaa wiki nyingi bila kuvuja, halafu maji ya sola yanapoanza kupita bomba linatanuka na kusinyaa na skrubu inashika kutu, ndipo maji yanaanza kutoka kidogo kidogo. Mkadiriaji alipiga picha. Nikaonyesha na ile video. Hakuna aliyeongea sana pale.

Niseme na langu. Apatimenti namba 7, bafu la wageni, maji yalikuwa yanatuama sakafuni na bomba la kutolea uchafu lilikuwa halina mteremko wa kutosha. La inchi 4 unatakiwa ushuke kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40, chalii wangu aliweka karibu flati na mimi sikurudi na levo kuangalia. Nilivyoambiwa nilirudi, nikafumua, nikanunua taili 6 mwenyewe, nikarudishia siku 2. Hilo lilikuwa kosa la kazi na lilikuwa langu, sikuomba senti. Kama angeniita vile kwa ile ya namba 5 tusingefika tulikofika.

Baada ya kufungua ukuta akanilipa milioni 3. Akasema laki 14 na 40 iliyobaki ataimaliza pamoja na riteinsheni. Kwa hiyo namdai milioni 2 na laki 9 na 20. Nilimuuliza rafiki yangu wakili, akanitoa wasiwasi kwamba dai la mkataba sheria inakupa miaka 6 kulipeleka mahakamani, na hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, shida ni kuyathibitisha tu. Baraza la Taifa la Ujenzi nalo linashughulika na usuluhishi wa migogoro ya ujenzi, ila kwa kiasi hiki nimeona nimpe muda wake wa miezi 6 uishe kwanza.

Ningefanya naye tena? Ndiyo, ila mkataba uandike malipo siku 14 baada ya dai bila kusubiri mwenye nyumba, uandike naitwa kuona kasoro kabla hajakata hata mia, na sifuniki ukuta bila saini hata kama saruji inagandia kwenye toroli. Tena siku hizi nikimaliza ukuta napiga picha na futi kamba iko pembeni, nawapa nakala fundi makabati na fundi AC, wanajua bomba limepita sentimita ngapi kutoka kona. Mwenye duka la vifaa pale Mbauda aliniuliza kwa nini nanunua vitabu vya risiti vyenye nakala ya kaboni kama mwenye gereji, ni kwa ajili ya saini hizo.

Nyota 1 ya saiti na mpangilio, nyota 1 kwa sababu alikubali ukuta ufunguliwe. Riteinsheni inatimiza miezi 6 mwezi ujao tarehe 18, ikilipwa pamoja na ile laki 14 na 40 narudi hapa naongeza nyota ya tatu.