Ligi ya Mkoa wa Tanga: Unalipia Nini, Unapata Nini

Nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizokatwa ni za mlango wa kupandia na viwanja, maana vipaji vya soka Tanga havijawahi kuwa shida.

Kwa klabu inayofikiria kuingia, kwanza ijue inakaa wapi. Juu kuna Ligi Kuu yenye timu 16, chini yake Championship, kisha First League. Hizo mbili hadi 2021 ziliitwa Daraja la Kwanza na Daraja la Pili, na wazee wa uwanja wa Mkwakwani bado wanaziita hivyo. Ligi ya Mkoa iko chini ya hapo. Inaendeshwa na chama cha soka cha mkoa na kulishwa na ligi za wilaya: Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na wenzao. Bingwa wake hapandi moja kwa moja. Anapelekwa Ligi ya Mabingwa wa Mikoa akakutane na mabingwa wa mikoa mingine ya Bara (Zanzibar wana ngazi zao), na wachache wanaofanya vizuri huko ndio wanaoingia First League. Kwa hesabu hiyo, timu inayopanda kila mwaka bila kuteleza itaiona Ligi Kuu msimu wa nne. Ndiyo maana timu za Tanga, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, ziliposhuka pamoja kutoka Ligi Kuu msimu wa 2015/16, hakukuwa na timu ya mkoa ya kuziba pengo. Tanga ilisubiri hadi Coastal iliporudi 2018/19.

Hapo kwa mabingwa wa mikoa ndipo wengi wanapokwama. Mashindano huchezwa vituoni, yaani timu kadhaa hukusanywa mahali pamoja, mechi zikifuatana kwa karibu. Klabu iliyomaliza akiba yake kwenye ligi ya mkoa hufika kituoni na wachezaji 14, wawili wakiwa na enka zilizovimba, na hela ya gesti haitoshi. Bajeti ya kituo itengwe kabla ya mechi ya kwanza ya mkoa. Ukisubiri mpaka uwe bingwa, umechelewa.

Ada ya ushiriki ndiyo gharama ndogo. Kinachokula hela ni barabara. Wachezaji 18, makocha, daktari na mtunza vifaa ni Coaster nzima. Kutoka Tanga mjini, Muheza ni jirani; Korogwe ni kama kilomita 100; Lushoto ongeza ule mlima wa Mombo na kona zake. Timu inayopanda mlima saa sita ili icheze saa kumi hushuka garini na kichefuchefu. Ondokeni alfajiri.

Huduma bora kabisa ya ligi hii ni ile isiyoonekana uwanjani: usajili. Ndondo, yale mashindano ya mtaani, inalipa haraka, mbuzi wa zawadi mnagawana jioni ileile, lakini haiachi kumbukumbu yoyote ya kijana. Usajili rasmi unaiacha, na ina thamani. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unachukua asilimia 5 ya fungu hilo. Wa miaka 16 hadi 23, asilimia 10. Akiuzwa dola 200,000, fungu ni dola 10,000. Klabu ya Pangani iliyokuwa naye akiwa na miaka 16, 17 na 18 ina dola 3,000 zake. Isipokuwa haikumsajili.

Basi jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na tarehe isiguswe. Kupunguza umri kunaleta rufaa leo na kuharibu madai kesho. Mamluki, yaani mchezaji wa kuazima asiyesajiliwa kwenu, ni hasara ya papo hapo: wapinzani wanakata rufaa, pointi tatu na mabao matatu yanaondoka mezani. Tena angalieni idadi: chini ya wachezaji saba mechi haichezwi, na sheria haijali kama gari limeharibika njiani.

Viwanja ndipo tulipokuwa wakali kwenye nyota. Goli linatakiwa mita 7.32 kwa 2.44. Kwenye viwanja vya mchangani mwamba wa mti hupinda katikati, na nguzo huzama kila msimu wa mvua. Makipa wafupi hawalalamiki. Nahodha aende na futi ya fundi, apime pale katikati mbele ya kamishna wa mechi, na kasoro iandikwe kwenye ripoti kabla ya filimbi. Ukiisema baada ya kufungwa, hakuna atakayekusikiliza.

Timu yenye vijana chini ya miaka 20 na katibu anayejua kutunza faili, iingie. Yenye kikosi cha kuokoteza siku ya mechi ibaki kwenye ndondo.